Kichanga kaja na zawadi, dada mtu kabaki na nini?

Mama ametoka hospitali juzi na sebule haina pa kukaa. Jirani wa nyumba ya pili kaja na doti ya khanga na mche wa sabuni. Shangazi mtu katoka Kibaha na beseni lililojaa nguo za kichanga. Wanawake wa kikundi cha kuweka na kukopa wamechanga wakanunua chandarua kidogo cha mtoto. Kila anayeingia ananawa mikono, anampokea kichanga, anasema kafanana na baba yake, kisha anatoa alichobeba.

Kwenye mlango wa chumba amesimama binti wa miaka 3 na nusu. Hakuna aliyemsalimia. Mgeni wa nne anapoingia na kwenda moja kwa moja kitandani, binti anakojoa palepale aliposimama, ingawa aliacha nepi mwaka mzima uliopita. Anachapwa kofi dogo la begani na kuambiwa maneno ambayo watoto wakubwa wengi wa nchi hii wameyasikia: wewe sasa ni dada, acha mambo ya kitoto.

Nyumba hiyo inaweza kuwa Mbagala, Nyegezi au Ng'ambo ya Unguja, na kinachotokea ni kilekile. Lakini hebu itazame siku hiyo kutoka kimo cha binti. Wiki iliyopita alilala ubavuni mwa mama. Usiku mmoja alibebwa akiwa usingizini akapelekwa kwa jirani, alipoamka mama hayupo. Siku mbili baadaye mama karudi na mtu mwingine. Mtu huyo kachukua ubavu wa mama, kachukua mapaja, kachukua mgongo, na sasa hata wageni waliokuwa wakimletea yeye biskuti wanapita mbele yake kama hawamwoni.

Miaka ya karibuni wazazi wengi, hasa wa mijini, wameanza kutumia mbinu moja. Mama mjamzito ananunua zawadi ndogo mapema, anaificha ndani ya begi la kujifungulia kati ya khanga na pamba, na siku ya kurudi nyumbani anampa mkubwa akisema mdogo wako amekuletea. Ni mbinu nzuri na inafaa kuendelea. Tatizo ni kinachofuata: mtoto akishapewa gari la plastiki anaambiwa haya, nenda kacheze nje. Zawadi imegeuka tiketi ya kumtoa chumbani, na watoto wana akili ya kulitambua hilo haraka kuliko wazazi wanavyodhani.

Zawadi ya nini, na kwa nani

Umri una maana kubwa hapa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu haelewi kabisa habari ya kichanga kuleta kitu. Yeye anajua tu kwamba mama kampa kitu na kamkumbatia, na hilo linatosha. Wa miaka 3 au 4 ataifurahia hadithi, na anaweza kwenda kumshukuru mdogo wake kwa dhati. Wa miaka 6 au 7 atauliza duka gani limemuuzia mtu asiye na meno. Huyu usimdanganye. Mwambie mama na baba wamemnunulia kwa sababu leo naye ana cheo kipya ndani ya nyumba, basi.

Kitu chenyewe hakihitaji kuwa cha gharama. Mpira, daftari na kalamu za rangi, mwanasesere wa vitambaa aliyeshonwa na bibi, kitabu cha hadithi chenye picha, ndala mpya za kutembea nazo uani. Kinachofaa zaidi ni kitu ambacho hakichezewi peke yake. Kitabu kinataka mtu wa kukisoma. Mpira unataka mtu wa kuurudisha. Simu au tableti, ambayo wazazi wengine hukimbilia kwa sababu inanyamazisha nyumba, inamfanya mtoto aondoke bila kuondoka, na wiki ya tatu ugomvi unakuwa mara mbili: wa kichanga na wa chaji.

Tena zawadi iende pande zote mbili. Mkubwa achukuliwe dukani au sokoni kabla ya kujifungua, apewe nafasi ya kuchagua kofia au soksi za mdogo wake, hata akichagua rangi ambayo hakuna mtu mzima angeipenda. Siku kichanga anapovikwa ile kofia ya zambarau, mgeni akiuliza imetoka wapi, jibu lipo: kaka yake ndiye aliyemnunulia. Mtoto aliyetoa huwa na mahali pa kusimama ndani ya jambo. Aliyepokea tu anaweza kubaki pembeni na kitu chake mkononi.

Na kama mkubwa atapelekwa kwa bibi au kwa jirani wakati mama yuko hospitali, zawadi ya maana kuliko zote huenda ikawa kipande cha khanga ambacho mama amekuwa akijifunga, hakijafuliwa. Mtoto mdogo anaijua harufu ya mama yake kuliko maelezo yoyote. Safari ya kwenda kwa bibi nayo ipangwe mapema, si usiku wa uchungu kuanza. Vilevile mabadiliko mengine makubwa, kama kuhamishiwa kitanda chake au kuanza shule ya chekechea, yafanyike miezi kadhaa kabla au yasubiri. Yakigongana na ujio wa kichanga, mtoto atahesabu kwamba amefukuzwa.

Wageni wanahitaji kuambiwa. Si utovu wa adabu kumpigia simu shangazi kabla hajafika na kumwomba amsalimie mkubwa kwanza, amwulize habari za mdogo wake, amwombe yeye ndiye ampeleke kwa kichanga. Wapo wazazi wanaoweka vizawadi kadhaa kabatini, kila kichanga akipewa kitu na mkubwa apewe. Hapo ni kukaribisha kesi. Mtoto anaanza kuhesabu, na mizani haitalingana siku zote. Salamu inazidi pipi kumi, na haiozeshi meno.

Saa ya kunyonyesha

Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili, Judy Dunn na Carol Kendrick, walichapisha kitabu kuhusu familia 40 za mji wa Cambridge, Uingereza, walizozitembelea majumbani kabla na baada ya mtoto wa pili kuzaliwa. Waliona jambo ambalo mama yeyote wa Tandika angewaambia bila utafiti: muda wa mama kucheza na kuzungumza na mkubwa ulipungua, na utundu uliongezeka hasa pale mama alipokuwa ameshughulika na kichanga. Lakini waliona na lingine ambalo si wengi wanalijua. Pale ambapo mama, tangu wiki za mwanzo, alizungumza na mkubwa kuhusu kichanga kama mtu mwenye njaa zake, hofu zake na mambo anayoyapenda, watoto hao walikuja kuwa na urafiki zaidi na wadogo zao miezi mingi baadaye.

Hilo halihitaji fedha. Kichanga akilia, badala ya kumwambia mkubwa anyamaze asimwamshe mwenzake, mwulize: unadhani mdogo wako analia nini, njaa au amelowa? Mtoto wa miaka 3 atatoa jibu, na mara nyingine litakuwa sahihi. Kuanzia hapo naye ni mtu wa shauri nyumbani.

Kwa sababu vurugu nyingi hutokea saa ya kunyonyesha, saa hiyo ndiyo ya kuiandalia kitu. Kikapu kidogo, au hata boksi la viatu, kikae karibu na mahali mama anaponyonyeshea. Ndani kuwe na vile vitabu, kalamu za rangi, kikombe cha maji, ndizi. Kinafunguliwa kichanga anapoanza kunyonya, kinafungwa anapomaliza. Mkubwa anakaa ubavuni, si nje. Baada ya siku chache baadhi ya watoto huanza wenyewe kumkumbusha mama kwamba mdogo ana njaa, kwa sababu wanataka kikapu. Ni rushwa? Kidogo. Lakini ni rushwa inayomsogeza karibu na mama, siyo mbali naye.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana tabu ya ziada, kwa kuwa kwa wiki kadhaa hapaswi kunyanyua kitu kizito, na mtoto wa kilo 14 ni mzito. Mkubwa akinyoosha mikono abebwe na asibebwe, ataamini kwamba mapaja yamefungwa. Aelezwe kuwa tumbo la mama lina mshono na linauma, kisha mama akae kitandani na mtoto apandishwe na mtu mwingine aje alale upande usio na kidonda.

Hapa ndipo baba anaposubiriwa. Sheria ya ajira ya Tanzania inampa baba aliyeajiriwa angalau siku 3 za likizo yenye malipo mwenzi wake anapojifungua, zichukuliwe ndani ya siku 7 za kuzaliwa kwa mtoto. Siku 3 ni chache mno, lakini sehemu yake ikitumika kumpeleka mkubwa ufukweni, kumnyoa, au kwenda naye tu dukani kununua mkaa huku wakizungumza, inakumbukwa. Wababa wengi huzimaliza wakipokea wageni.

Lipo pia jambo la jina. Katika nyumba nyingi mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, akawa Mama Fulani hadi uzeeni. Mtoto wa miaka 4 au 5 aliyeshushwa mapajani anaweza kuambiwa hivyo kwa maneno rahisi: mama ameitwa jina lako, na hata mdogo alipokuja watu bado wanamwita kwa jina lako. Hakuna duka linalouza zawadi hiyo.

Kinachoitwa wivu kinaweza kuwa njaa

Sehemu hii ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo nzito.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto wadogo waliokuwa wakivimba miguu, ngozi ikibabuka na nywele zikipauka, na wengi wao wakifa. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina walilolitumia wenyeji wa Accra kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mwenzake anapozaliwa. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi, au kwashakoo. Wale mama wa Accra walikuwa wameona uhusiano ambao madaktari walikuwa bado wanautafuta: mtoto anaachishwa ziwa ghafla kwa ajili ya mdogo wake, anaanza kuishi kwa uji mtupu wa mahindi, na mwili unaanza kuporomoka.

Moja ya dalili za unyafuzi ni kununa. Mtoto hachezi, hacheki, analia akiguswa, hataki kula. Katika nyumba yenye kichanga, dalili hizo zote zinaweza kupewa jina moja la haraka, kwamba ana wivu huyo, atazoea. Wiki zinapita.

Kwa hiyo kama mkubwa bado yuko chini ya miaka 5, na zaidi kama yuko chini ya miaka 2 au 3, zawadi ya kwanza ya kufikiria iwe sahani na kikombe chake mwenyewe. Achague rangi, ajulikane ni vyake. Mtoto wa miaka 2 anayekula sinia moja na kaka zake wa shule ya msingi anashindwa mbio, wala hakuna anayejua amekula tonge ngapi. Sahani yake inamwonyesha mama, hata akiwa na kichanga kifuani, kilichoingia na kilichobaki. Ndani ya sahani kusiwe ugali na mchuzi peke yake. Dagaa, maharage, yai likipatikana, karanga za kusaga kwenye uji, mchicha, papai au embe la msimu. Na mtu akae naye anapokula.

Kuhusu ziwa, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Shirika hilo pia linashauri wazazi wasubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mimba ikiingia mapema, maziwa hayageuki sumu, kinyume na wanavyotishwa mama wengi wakiambiwa wanambemenda mtoto. Mjamzito asiye na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa anakula vizuri. Mwenye historia ya kujifungua kabla ya wakati au anayetokwa na damu azungumze na mtoa huduma wa kliniki. Kichanga akishazaliwa na mkubwa bado ananyonya, kichanga atangulie, hasa siku za kwanza za yale maziwa ya njano. Kama uamuzi ni kumwachisha, afanyiwe taratibu kwa wiki kadhaa kabla ya kujifungua, si kwa pilipili kwenye chuchu siku mama anaporudi kutoka hospitali.

Namna ya kutazama ni rahisi. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili za mtoto, kwa upande wa juu wa mguu, hesabu hadi sekunde 3, achia. Vikibaki vishimo miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Huko pia wana utepe wa kupima mzunguko wa mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa inayohitaji matibabu bila kuchelewa.

Mtoto ambaye anakula, anacheza, anaongezeka uzito, lakini anakojoa kitandani na anadai abebwe kama kichanga, huyo yuko kwenye njia ya kawaida. Mtafiti Brenda Volling wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walifuatilia familia 241 tangu kabla ya mtoto wa pili kuzaliwa hadi alipofikisha mwaka, na walichokiona ni kwamba watoto wengi walizoea vizuri. Mfunike nepi usiku bila kumcheka, mbebe dakika mbili mgongoni akitaka kuwa kichanga, atachoka mwenyewe. Anayeendelea kumwumiza mdogo wake au kujiumiza, au asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa, aonwe na mtaalamu.

Hadi hapo, kichanga na mtoto wa chini ya miaka 5 wasiachwe peke yao chumbani, hata dakika ya kwenda kuepua sufuria. Si kwa sababu mkubwa ni mbaya. Mara nyingi anafanya ukarimu: anamlisha mdogo karanga, anamfunika shuka usoni asione mbu. Na zawadi zenyewe zikaguliwe. Shanga, goroli, vifungo vinavyochomoka na zile betri ndogo bapa kama sarafu hazifai nyumba yenye watoto wadogo. Betri hizo zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache.

Limebaki moja dogo. Mtoto mpya anapozaliwa, kadi ya kliniki ya mkubwa huwa inapotea chini ya godoro. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na dozi hiyo ya pili ndiyo inayoweza kuangukia mama akiwa na mimba kubwa au kichanga. Matone ya vitamini A nayo ni kila baada ya miezi 6 hadi afikishe miaka 5. Kwa hiyo siku ya kumpeleka kichanga kliniki, beba kadi zote mbili, wapimwe uzito wote wawili. Kama yuko baba au mama mdogo wa kusindikiza, yeye ambebe kichanga njiani, na mkubwa amshike mama mkono.